Shabaha na alama za manati: tufanyeje ili mwepesi na makini wapimwe kwa haki?

Mlezi wa Vijana, Mikindani

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Ninaomba mawazo yenu katika jambo ambalo limetugawa hapa kwetu kwa majuma matatu sasa.

Ninalea kikundi cha vijana 14, wa kiume na wa kike, wenye umri wa miaka 13 hadi 18, ambao kila Jumamosi jioni hukutana kushindana kulenga shabaha kwa manati. Tulianza kwa sababu moja tu: vijana walikuwa wakiingia kwenye mikorosho ya watu kuua tetere na chiriku, na wenye mashamba walichoka. Nikawaambia kwamba mwenye jicho zuri na mkono mtulivu hahitaji kuua kiumbe ili ajulikane. Tangu hapo ndege wamepumzika, lakini ugomvi umehamia kwenye hesabu.

Mwanzoni tulipanga makopo, na aliyeangusha mengi ndiye aliyeshinda. Muda si mrefu vijana wanane wakawa wanaangusha makopo yote, hatukuwa tena na mshindi. Tukaongeza saa, kwamba anayemaliza mapema ndiye bora, na papo hapo ulengaji ukaharibika, kwa sababu kijana anayekosa kopo moja lakini akamaliza upesi alimpita yule aliyepata yote kwa utulivu. Juma lililopita wazazi wawili walisimama uwanjani wakabishana, kila mmoja akiwa na hoja ya haki.

Nimeona kwenye intaneti mashindano ya bastola ambamo mshiriki hutembea na kukimbia kutoka shabaha hadi shabaha, kisha mwamuzi anapita akitamka herufi A, C na D, na mwisho inaandikwa namba yenye nukta. Sikuelewa namba hiyo inapatikanaje, wala kwa nini hakuna B. Ninaomba anayefahamu anieleze jinsi shabaha zile zinavyochorwa, alama zinavyohesabiwa, na kama utaratibu huo unaweza kutumika kwa manati bila kupoteza maana yake.

---

Mlenga Shabaha, mwenyeji wa Newala

Mlezi, hongera kwa kazi hiyo. Nimewahi kushiriki mashindano ya bastola ya aina unayoisema nikiwa nje ya nchi, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua kwa kukifanya.

Mchezo huo husimamiwa na shirikisho la kimataifa linaloitwa IPSC, lililoundwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kauli yao ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi, na maneno hayo matatu ndiyo msingi wa hesabu yote unayoiulizia.

Shabaha yao ya karatasi ngumu ya rangi ya kaki ina upana wa takribani sentimita 45 na kimo cha takribani sentimita 57, pembe zake zimekatwa, haina kichwa wala mabega. Katikati kuna eneo la A, ambalo ni kibao chembamba kilichosimama, chenye upana wa sentimita 15 hivi. Linalolizunguka ni C, na pembezoni ni D. Kuhusu B, ni kweli ilikuwapo: katika shabaha ya zamani yenye umbo la mtu, B ilikuwa sehemu ya kichwa na ilikuwa na thamani sawa na C. Shabaha isiyo na kichwa ilipotumika, B haikuwa na pa kukaa. Kwa vijana wako ninakusihi utumie hii isiyo na kichwa, kwa sababu mtoto hana haja ya kuzoea kulenga umbo la binadamu.

Jambo moja ambalo watazamaji wengi hawalitambui ni kwamba mistari inayotenganisha maeneo hayo haionekani kwa mshiriki. Kanuni inataka iwe imechorwa usoni mwa shabaha, lakini isionekane kutoka umbali unaozidi mita 10. Mlengaji analazimika kulijua umbo lenyewe na kuikadiria katikati yake. Ukichora duara jekundu katikati, umempa kijana kitu cha kukodolea macho, na hapo umeshabadilisha mchezo.

Sasa hesabu. Risasi inayotua A hupata alama 5. C hupata 3 na D hupata 1 kwa bastola yenye risasi za nguvu ndogo, ilhali kwa risasi za nguvu kubwa C ni 4 na D ni 2, kwa kuwa bastola yenye teke kubwa ni ngumu kuirudisha kwenye shabaha, na mwenye kuibeba hulipwa fidia hiyo kwenye pembe za shabaha. Kukosa kabisa hukatwa alama 10. Kupiga shabaha ya marufuku, ambayo kwa kawaida ni nyeupe na huwekwa makusudi ikifunika sehemu ya shabaha halali, hukatwa alama 10 vilevile. Kisha jumla ya alama hugawanywa kwa muda uliotumika, na jibu lake, yaani alama kwa kila sekunde, ndiyo ile namba yenye nukta.

Tuchukue kituo kimoja, yaani seti moja ya shabaha ambayo mshiriki huipitia huku akipimwa muda, chenye shabaha 6, kila moja ikihitaji risasi 2, hivyo alama za juu kabisa ni 60. Mshiriki wa kwanza anapata A zote 12 kwa sekunde 15: 60 kwa 15 ni 4.00. Wa pili anapata A 8 na C 4 kwa sekunde 12: alama 52, na jibu ni 4.33. Wa tatu anakwenda mbio, anapata A 5, C 4, D 2 na kukosa 1 kwa sekunde 9: alama zake ni 29 baada ya makato, na jibu ni 3.22. Utaona kwamba aliyekimbia kuliko wote amekuwa wa mwisho, na aliyelenga vizuri kuliko wote hakuwa wa kwanza. Mshindi wa kituo huchukua alama zote 60, na wengine hupewa sehemu yao kwa uwiano: wa kwanza wetu atapata 55.38 na wa tatu 44.62. Hizo ndizo zinazojumlishwa kituo kwa kituo hadi mwisho wa mashindano.

Kwa kuwa mshiriki huruhusiwa kupiga risasi za ziada na kuhesabiwa zile bora, kila anayekosa hujiuliza papo hapo kama inafaa kurudia. Kukosa kumemgharimu alama 15, yaani 5 alizozikosa na 10 za makato. Kama mwendo wake ni alama 4 kwa sekunde, alama 15 ni sawa na sekunde 3.75, na kurudia risasi moja huchukua chini ya hapo. Kwa hiyo anarudia. Kuacha C ili kuitafuta A ni jambo jingine: tofauti ya alama 2 ni nusu sekunde tu, na mara nyingi ni busara kuendelea mbele.

---

Fundi Seremala, Masasi

Mlezi, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi salaam. Mimi silengi, lakini nimetengeneza vibao vya shabaha, na ninaona ndugu hapo juu amezungumzia karatasi kana kwamba karatasi ya pwani inakaa kavu.

Maboksi ya kawaida yenye mawimbi katikati yakinyonya unyevu wa bahari hulainika, na gololi ikipita haiachi tundu bali inararua. Mkiangalia mpasuko huo, kila mtu ataona eneo analolitaka. Bandika karatasi nzito ya manila juu ya boksi kwa gundi ya unga wa muhogo, acha ikauke kivulini siku nzima, ndipo ukate kwa kufuata kiolezo kimoja cha plaiwudi ili shabaha zote zilingane. Mistari usiichore kwa kalamu. Weka kiolezo cha ndani, pitisha msumari butu ukikandamiza, itabaki alama ya mfereji ambayo mwamuzi ataiona akiwa karibu na mlengaji hataiona akiwa mbali. Hilo litatimiza ile kanuni ya mita 10 bila gharama.

Upepo wa kusi ukianza, shabaha iliyotundikwa kwa kamba itacheza, na mtoto aliyelenga wakati wa utulivu atakuwa amepata shabaha tofauti na mwenzake. Simamisha fito mbili za mianzi kwenye kitako cha mbao, elemea kitako kwa mfuko wa mchanga, na upigilie shabaha juu na chini.

Nyuma ya shabaha tundika kanga kuukuu tatu au nne zikiwa zimelegea, moja nyuma ya nyingine, bila kuzikaza. Gololi ikigonga kitambaa kilicholegea hupoteza nguvu na kuanguka chini, na jioni unaziokota zote. Ukuta, ubao au bati nyuma ya shabaha hapana kabisa, gololi itarudi usoni kwa mtu. Kwa sababu hiyo hiyo sahau shabaha za chuma. Ukitaka kitu kinachoonekana kupigwa kutoka mbali, tundika vifuu vya nazi kwa kamba ya katani: kikipigwa kinayumba au kinapasuka, na watazamaji wanafurahi.

---

Mwalimu wa Hesabu, Lindi Mjini

Nimesoma maelezo ya ndugu wa Newala kwa makini na hesabu zake ziko sawa. Ningependa, hata hivyo, Mlezi aone kwamba kuna njia nyingine inayotumika katika mashindano ya bastola, na kwamba uchaguzi wa njia unaweza kumbadilisha mshindi.

Chama kingine cha mchezo huo, IDPA, kilichoanzishwa mwaka 1996, hakigawanyi. Huanza na muda wa mshiriki na kuongeza sekunde kwa kila alama aliyoipoteza. Eneo la kati halipotezi kitu, linalofuata hupoteza alama 1, la pembeni alama 3, na kukosa ni alama 5. Zamani kila alama iliyopotea ilikuwa nusu sekunde, na tangu mwaka 2017 imekuwa sekunde nzima.

Sasa niwachukue washiriki wale wale watatu na kuyahesabu maeneo ya A, C na D kama 0, 1 na 3. Kwa sekunde nzima, wa kwanza anabaki na 15, wa pili anakuwa na 12 kujumlisha 4 ambazo ni 16, na wa tatu anakuwa na 9 kujumlisha 15 ambazo ni 24. Mshindi ni wa kwanza, yule mtulivu. Kwa nusu sekunde, wa kwanza ana 15, wa pili ana 14, wa tatu ana 16.5, na mshindi ni wa pili. Matundu kwenye shabaha ni yale yale na saa ni ile ile. Kilichobadilika ni bei ya alama moja, na bei hiyo iliwekwa na watu mezani kabla mashindano hayajaanza. Ninaamini wale wazazi wawili walikuwa wakibishana juu ya bei hiyo bila kujua, na ingefaa Mlezi aiweke wazi mbele yao siku moja kabla, si baada ya matokeo.

Mimi kwa watoto ningependelea kujumlisha kuliko kugawanya. Mtoto wa miaka 13 anajua papo hapo kwamba C yake imemgharimu sekunde moja, na bibi aliyekaa kwenye jamvi pembeni anaweza kuifuata hesabu hiyo. Mgawanyo unahitaji simu, na matokeo ya kituo kimoja hayawezi kujulikana mpaka mshiriki wa mwisho amalize.

---

Mlenga Shabaha, mwenyeji wa Newala

Mwalimu, umenifundisha, nami nakubali kwamba kwa urahisi njia yako inashinda. Naomba niongeze tofauti moja inayonifanya nibaki na mgawanyo. Katika kujumlisha, alama moja ina bei ile ile kila mahali, iwe kituo ni cha sekunde 6 karibu na shabaha au cha sekunde 40 chenye kuzunguka na kuinama. Katika kugawanya, bei hupanda na kushuka kulingana na kituo. Pale washiriki wanapofikia alama 8 kwa sekunde, kwa kuwa shabaha ni kubwa na karibu, C humgharimu mtu robo sekunde tu, na mbio zinaruhusiwa. Pale wanapofikia alama 2 kwa sekunde, C hugharimu sekunde nzima, na utulivu unadaiwa. Kwa maneno mengine, mpangaji wa shabaha huamua kwa umbali, ukubwa na vizuizi ni wakati gani mshiriki akimbie na ni wakati gani avute pumzi.

Lakini hesabu ya Mwalimu imenifungua macho kwa jambo ambalo ningepaswa kulisema mwanzoni. Mlezi, usichukue namba za bastola kama zilivyo. Bastola hupiga risasi mbili ndani ya nusu sekunde, ilhali manati hulazimu kuchukua gololi, kuiweka kwenye ngozi, kuvuta na kulenga kila mara. Tafadhali pima vijana wako hutumia sekunde ngapi kwa pigo moja. Ikiwa ni sekunde 4 hivi, basi mwendo wao utakuwa karibu na alama 1 kwa sekunde, na hapo C ya alama 3 itawagharimu sekunde 2, D sekunde 4, na kukosa sekunde 15. Kwa bei kama hizo hakuna kijana mwenye akili atakayeharakisha chochote, na utarudi kwenye mashindano ya utulivu mtupu. Mimi ningeweka A 5, C 4, D 2, na kukosa kukate 5 badala ya 10. Hapo C inagharimu sekunde moja, D sekunde 3, kukosa sekunde 10, na kurudia pigo kwa sekunde 4 bado kuna maana. Mgawanyo wa nguvu kubwa na ndogo uache. Wadogo na wakubwa watenganishe kwa umri tu.

---

Mlezi wa Vijana, Mikindani

Ndugu zangu, nimeshukuru kupita kiasi. Jumamosi iliyopita tulifanya jaribio, na ninaleta matokeo.

Fundi, karatasi ya manila na mfereji wa msumari vimefanya kazi kama ulivyosema. Kanga tulichangiwa na akina mama, na gololi 60 tulizoanza nazo tuliziokota zote isipokuwa mbili.

Nilipima pigo moja kwa vijana wote: wengi wako kati ya sekunde 3 na 5. Tukapanga shabaha 4 katika umbali wa mita 8 hadi 12, mbili zikiwa zimefunikwa kwa sehemu na shabaha nyeupe ya marufuku, mapigo mawili kila moja, alama za juu 40, kwa bei alizopendekeza ndugu wa Newala. Kijana wetu mtulivu alipata A zote 8 kwa sekunde 40, yaani 1.00. Msichana mmoja alipata A 5 na C 3 kwa sekunde 31, alama 37, yaani 1.19. Yule mwenye mbio alipata A 4, C 2, D 1 na kukosa 1 kwa sekunde 26, alama 25, yaani 0.96. Niliandika bei zote ubaoni siku ya Ijumaa kama Mwalimu alivyoshauri, na wazazi walizisoma. Baba wa kijana mtulivu hakufurahi, lakini hakusema kwamba mwanawe ameonewa. Alimwuliza mwanawe ni wapi aliziacha zile sekunde 9, wakakaa kando wakirudia jinsi ya kuchukua gololi mfukoni.

Kwa wadogo walio chini ya miaka 15 nitatumia njia ya Mwalimu ya kujumlisha, kwa sekunde moja.

Nimebaki na maswali mawili tu. Tundu likigusa mstari kati ya A na C tunalihesabuje? Na gololi moja ikipita kwenye ukingo wa shabaha nyeupe na kugusa pia shabaha halali, mshiriki anapewa au anakatwa?

---

Mlenga Shabaha, mwenyeji wa Newala

Tundu linalogusa mstari hupewa eneo lenye alama ya juu zaidi. Lakini kinachohesabiwa ni duara la gololi yenyewe, wala si mipasuko inayotoka pembeni mwa tundu. Chukua plastiki angavu ya jalada la daftari, chora juu yake duara lenye kipenyo sawasawa na gololi zenu, na liweke juu ya tundu lenye utata. Duara likigusa mstari, ni A, na mjadala umekwisha. Mshiriki aangalie lakini asiguse shabaha kabla ya alama kuandikwa, na tundu lizibwe kwa kipande cha karatasi ya gundi mara tu linapoandikwa, kabla ya anayefuata kuitwa.

Kwa gololi iliyogusa shabaha zote mbili, mshiriki anapewa alama za eneo alilogusa na pia anakatwa adhabu ya shabaha nyeupe. Yote mawili huandikwa. Katika bastola adhabu hiyo ni sawa na ya kukosa, kwa hiyo kwenu iwe 5.

Na kuhusu usalama, usiupe alama. Kijana akivuta manati kuelekea kando au nyuma ya mstari, au akivua miwani ya kukinga macho kabla ya kuruhusiwa, asikatwe 5 wala 10. Aondolewe kwenye mashindano ya siku hiyo, hata kama ndiye anayeongoza.

---

Mlezi wa Vijana, Mikindani

Nimeelewa, ndugu yangu. Miwani tunayo 6 tu kwa sasa, kwa hiyo Jumamosi ijayo mstari wa kulenga utakuwa na mshiriki mmoja, mwamuzi na mwandishi, na wengine wote watakaa nyuma ya kamba.